Kompyuta ya Dorkasi na Mkono wa Lumbesa

Kijiwe chetu kipo pale barabara ya vumbi kutoka Mang'ola inapokutana na lami hapa Karatu, hatua chache kutoka kwa fundi matairi. Benchi ni ubao wa bodi la lori lililokufa zamani, na ukikaa upande wa kushoto utachomwa na msumari ambao kila mtu ameahidi kuugonga. Mimi ndiye ninayeuza kahawa hapo, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi mpaka birika liishe, na kwa kawaida huisha saa tano. Magari ya watalii yanapita yakielekea geti la kreta, malori ya vitunguu yanatokea Mang'ola yakiwa yamelala upande, na wazee wangu watatu wanakaa hapo wakigombana. Siku ninayoieleza ilikuwa Alhamisi yenye ukungu. Waligombana kwa ajili yangu, tena kwa jambo nililokuwa nimewadanganya.

Ukweli wenyewe ni mfupi. Binti yangu Dorkasi ana miaka ishirini. Alimaliza kidato cha nne, matokeo yakaja mabaya, akashuka Mang'ola kufanya vibarua kwenye majaruba ya vitunguu. Misimu miwili amepanda, amepalilia, amekata majani mpaka vidole vimekuwa vya mtu mzima. Pesa alikuwa ananitumia mimi nimtunzie. Zilipofika laki saba akaniambia nimnunulie kompyuta kabla hajarudi Jumapili. Nikamuuliza ya nini. Akasema ya kuchezea gemu. Kuna gemu la kuendesha malori kwenye barabara za nchi zenye theluji, alikuwa analicheza kwenye banda pale sokoni na watoto wa kiume, sasa anataka kulicheza nyumbani bila kuulizwa na mtu.

Nilimgombeza kwenye simu mpaka salio likaisha. Alipopiga tena alisema neno moja tu.

— Mama, wewe ukichoka unalala. Mimi nikichoka nacheza.

Pesa zilikuwa zake. Akampa dereva wa lori karatasi aniletee. Juu ameandika kwa herufi kubwa: KWA AJILI YA GEMU LA MALORI, MAMA USIKOSEE. Chini yake: RAM kumi na sita au iweze kuongezwa, kadi ya picha iwe ya peke yake, feni mbili. Nikaikunja, nikaifunga kwenye pindo la kanga, na huko ikakaa wiki mbili.

Ilikaa huko kwa sababu mwaka juzi, kwenye jumuiya, nilisimama mbele ya watu nikasema mabanda ya gemu yafungwe yanaharibu watoto. Nilitaja na jina la mtoto wa jirani. Mama yake alikuwepo. Kwa hiyo Kruza aliponiuliza kwa nini natafuta kompyuta, nilisema ni ya masomo. Neno lilitoka lenyewe, na likishatoka mbele ya wanaume watatu wenye kahawa huwezi kulirudisha.

Kruza ni Hhando. Aliendesha watalii miaka kumi na minane mpaka macho yakakataa, na jina amelipata kwa sababu kila kitu duniani anakipima kwa Land Cruiser. Asubuhi ile alikuja na kompyuta yake mwenyewe ndani ya taulo, nyembamba kama kisu, ya rangi ya fedha. Mgeni mmoja alimwachia kama tipu. Alikuwa anataka laki saba, lakini aliposikia masomo alishusha hadi sita bila kuombwa. Akaiweka benchini, mbali na msumari, akaanza kutufundisha.

— RAM ni gia, alisema. Ya nne inakufikisha Rhotia. Ya nane inapanda mpaka ukingo wa kreta, na mizigo juu.

— Na ya kumi na sita? niliuliza, kama mtu anayeuliza tu.

— Kumi na sita za kupeleka wapi? Hizo ni za watu wa kurusha ndege. Mwanafunzi anataka utulivu, Mama Dorkasi. Mwenda pole hajikwai. Hii yangu ina nne na haijawahi kujikwaa.

— Haijawahi kujikwaa kwa kuwa haijawahi kutembea, alisema Lumbesa. Tangu uipate umeifunika taulo kama maiti.

Lumbesa ni Naftali, dalali wa vitunguu. Jina lake linatokana na yale magunia yanayojazwa mpaka yanaota kichwa, ambayo yeye anasema hajawahi kuyauza na sisi tunasema hajawahi kuuza mengine. Ana kipaji kimoja ambacho hakuna anayekibishia. Akiinua kitu kwa mkono anakwambia uzito wake. Nimemwona akikataa gunia kwamba limepungua kilo moja, likapandishwa mizani, likawa limepungua kilo moja.

Yeye alikuwa na nadharia yake. Alisema kompyuta ni kama ghala, na kila unachoingiza ndani kina uzito, hata kama ni mdogo. Barua ina uzito, picha ina uzito, hesabu ndiyo usiseme. Kompyuta nyembamba ni ghala tupu, na inaonyesha mwenyewe alikuwa mtu asiye na mambo. Kruza akasema mwenye nayo alikuwa profesa. Lumbesa akasema basi profesa alikuwa anaweka mambo kichwani, haba na haba hujaza kibaba, na kibaba chenyewe kaondoka nacho.

— Sasa sikiliza, Mama Dorkasi, alisema. Siku ya kununua naipima. Mwakani unaniletea tena naipima. Kama haijaongezeka hata robo, mtoto hakusoma. Hapo hata matokeo usisubiri.

Walicheka, na mimi nikacheka nao, huku naosha vikombe ambavyo nilikuwa nimeshaviosha.

Kruza hakukubali kushindwa. Alituambia hizi mashine zimetengenezwa na watu wa baridi kwa ajili ya baridi. Asubuhi ya Karatu inafanya kazi vizuri, mchana inachoka, na ukiipeleka Mang'ola kwenye joto la ziwa inakufa kabla hujafunga mlango wa gari. Dawa yake, alisema, ni kuipandisha juu kwenye kreta mara moja kwa mwezi ilale huko, irudishe nguvu. Alisema yeye angeipeleka bure, kwa kuwa walinzi wote wa getini anawajua. Lumbesa akamuuliza kama itahitaji kiingilio cha mgeni au cha mwenyeji. Kruza akafikiri kweli, akasema inategemea imesajiliwa wapi.

Wa tatu, Tobiko, alikuwa bado hajasema. Ni mfugaji wa Olbalbal, anapanda kwetu kila mnada, na safari hii alikuwa amebaki siku mbili zaidi akisubiri malipo ya madume wawili. Tunamwita Mzee wa Mwisho kwa sababu hasemi mpaka wengine waishiwe. Aliomba Kruza aizime ile kompyuta, halafu aiwashe.

— Ya nini?

— Mnyama humnunui akiwa amesimama. Unamlaza, unamwangalia anavyoinuka. Anayeinuka kwa shida ana kitu ndani.

Kruza akaizima, akaiwasha. Tukakaa tunaiangalia. Kikatokea kiduara kinazunguka. Lori la vitunguu likapita, vumbi likatua, kiduara bado kinazunguka. Nikammiminia Tobiko kikombe cha pili, akakimaliza. Kiduara kikaendelea.

— Huyu ana mimba au ana homa ya ndigana, alisema Tobiko.

Kruza alisema ni baridi. Dakika kumi zilizopita baridi ndiyo ilikuwa dawa, lakini hakuna aliyemkumbusha, kwa sababu Tobiko alikuwa ameingiza mkono ndani ya shuka lake. Alitoa noti tano za elfu kumi, amezikunja mara nne zikawa kitu kidogo cha ukubwa wa kiberiti, akaniwekea kiganjani na kukifunga kwa mkono wake.

— Yeyo, hii ni ya kuongezea, alisema. Mimi binti yangu Nareyu sikumsomesha. Alitaka, mimi nikaona ng'ombe watakosa mtu. Huyu wa kwako asome.

Anavyoniita yeyo ni kama mtu anavyomwita mama yake, naye ananizidi miaka ishirini. Nilipaswa kusema pale pale. Nilikuwa na nafasi nzuri kabisa. Nilisema asante, Mungu akuongezee. Kruza naye, kwa kuona mwenzake katoa, akasema basi ya kwake niichukue kwa tano na nusu. Lumbesa akasema yeye ataleta gunia la vitunguu siku Dorkasi atakapoanza chuo, gunia la haki, lisilo na kichwa. Walikuwa wanachangiana kwa ajili ya mtoto wangu kama watu wanaochangia harusi, na kila shilingi ilikuwa inaangukia juu ya uongo.

Ningeichukua ya Kruza. Naliandika hili kwa aibu. Nilishaanza kujipangia: nitamwambia Dorkasi nilikosea, nitamwambia hesabu za karatasi sikuzielewa, atakasirika wiki moja, yataisha. Misimu miwili ya majaruba nilikuwa tayari kuigeuza kiduara kinachozunguka, ili mimi nisionekane mbele ya benchi.

Ndipo Neema akaja. Ni dada wa makamo aliyetoka Arusha miezi mitatu iliyopita akafungua duka la steshenari, la kutoa kopi na kuchapa barua, na alikuwa hajawahi kukaa kijiweni kwetu. Lumbesa alikuwa amemwambia kuna mama anatafuta kompyuta. Alikuja nayo kwenye mfuko wa salfeti: nyeusi, nene, pembe moja imekwaruzika, ya kaka yake aliyekwenda kuishi Mwanza. Alisema anaiuza laki saba na nusu. Akasalimia vizuri, akakaa upande wa kushoto, akainuka, akahama.

— Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, alisema Kruza, akiitazama ile nyeusi.

— Nimetembea kwa kuwa mmeniita, kaka, alisema Neema. Na hiyo yako naona imekuja kwa taulo.

Lumbesa alifurahi mpaka akapiga goti. Akasema sasa maneno yamekwisha, tupime. Akazichukua zote mbili mpaka kwenye mizani ya fundi matairi, ile ya kuning'iniza ambayo madalali huiazima kupimia magunia, akaziweka kwenye kamba moja baada ya nyingine. Mshale haukujali. Mizani iliyozoea gunia la kilo mia haiwezi kushtuka kwa kitu cha kubeba kwapani. Kruza akasema basi ni sare. Lumbesa akasema mizani ni ya wasio na mikono. Akafumba macho, nyembamba mkono wa kulia, nene mkono wa kushoto, akasimama hivyo barabarani kama padri mwenye sadaka mbili. Gari la watalii likapunguza mwendo, mmoja akapiga picha.

— Hii moja na robo, alisema. Hii tatu kasoro kidogo. Hii ndiyo imejaa.

— Mtoto ataibeba kwenda chuo, Lumbesa, alisema Kruza. Utamvunja mgongo.

— Ng'ombe haelemewi na nundu yake, alisema Tobiko.

— Lakini mwanafunzi si ng'ombe, mzee.

Wakaanza upya, sauti zikiwa juu, kila mmoja akimtaja mwanafunzi wetu, mwanafunzi wetu. Neema alikuwa anasikiliza huku kikombe kikipoa mkononi. Hakuwa anabishana. Aliuliza kwa upole, kama muuzaji anayetaka mteja asije kumrudia na lawama.

— Samahani. Anasomea nini?

— Famasi, alisema Kruza.

— Uhasibu, alisema Lumbesa.

— Udaktari wa mifugo, alisema Tobiko.

Walisema karibu kwa pamoja. Halafu wakatazamana. Kila mmoja alikuwa amempeleka Dorkasi chuo chake mwenyewe, kwa wiki mbili, na hakuna aliyekuwa amejua kwamba mwenzake kampeleka kwingine. Wakageuka wote kunitazama mimi. Neema naye akanitazama, bila ubaya wowote, anasubiri tu.

Nilikuwa nimeshika kitambaa cha kupangusia benchi. Nilikumbuka majina ya kozi, yapo mengi, ningeweza kutaja lolote. Ningetaja famasi na wawili wangejiona wamekosea, tungeendelea. Mdomo ulikataa. Nilihisi karatasi kwenye pindo la kanga kama vile ina moto. Fundi matairi aliyekuwa chini ya gari akatoa kichwa kuangalia kuna nini.

Nikafungua kiganja cha mkono wa pili. Zile noti za Tobiko zilikuwa bado zimekunjwa, zimeloa jasho langu. Nikamnyooshea.

— Mzee, zirudishe.

Alizitazama kama mtu anayetazama kitu cha mtu mwingine.

— Nimempa mtoto, alisema. Shule sikuipa. Shule yenyewe siijui ilipo.

— Mama Dorkasi, alianza Kruza, na sauti yake ilikuwa ya chini, sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Mama Dorkasi, kwani huyu binti...

— Kahawa imeisha, nilisema.

Ilikuwa saa tatu na nusu. Birika lilikuwa juu ya jiko linafuka moshi mdomoni, na mkaa ulikuwa bado mwekundu. Kruza akaacha neno lake hewani. Lumbesa akanyoosha mkono, akakamata mpini, akaliinua birika kidogo tu kutoka kwenye jiko. Mkono ule ule. Nilimwona akilipima, nikaona kidole gumba kikijirekebisha kwa ajili ya uzito. Lilikuwa zaidi ya nusu, nilijua mimi, na sasa alijua yeye. Akalirudisha taratibu, bila kuligongesha.

— Kweli, alisema. Imeisha.

Tobiko akachukua fimbo yake. Kruza akaifunga kompyuta yake kwenye taulo, na habari ya tano na nusu hakuitaja tena, wala hakuniangalia usoni, nadhani kwa kunihurumia. Kila mmoja aliacha pesa ya kahawa pale ubaoni kama kawaida. Lumbesa, aliyekunywa kikombe kimoja, aliacha ya viwili. Walipokuwa wanavuka barabara niliwasikia wakianza kugombana juu ya kitu kingine kabisa, kama mvua itawahi au itachelewa, wakisema kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Aibu ya kugunduliwa naijua. Hii ya kusitiriwa na watu niliowadanganya ilikuwa ngeni kwangu.

Neema hakuijua desturi ya kijiwe, kwamba kahawa ikiisha watu wanaondoka. Alikuwa bado amekaa, kompyuta mapajani. Nikafungua pindo la kanga, nikampa karatasi, nikageuka kuchochea mkaa ili nisione akiisoma. Halafu nikamsikia anaigeuza ile mashine chini juu.

— Feni mbili hizi hapa, alisema. Kadi ya picha ni ya peke yake, ndiyo inayoleta uzito. RAM ipo nane, ila nafasi ya kuongeza ipo. Ile ya yule kaka isingeweza gemu hili hata kidogo.

Alilitaja gemu kama mtu anavyotaja sufuria.

Bei ilikuwa ile ile, laki saba na nusu. Nilihesabu saba za Dorkasi juu ya ubao. Zile za Tobiko nilizikunjua mwisho, moja moja, zinanuka moshi na ng'ombe, nikaziweka juu ya zile nyingine. Sikuwa na nyingine za kuweka, na mwanangu alikuwa anarudi Jumapili.

Neema akaweka pesa kwenye mkoba, akanyoosha kikombe chake kilichopoa, akamwaga kilichobaki chini. Nikalichukua birika lililokwisha, nikamjazia mpaka juu. Na mimi nikajimiminia.